Ngozi ya Nyumba ya Bi Binuru

Twalibu Chilumba alinipigia simu mwenyewe, kwa mdomo wake. Mwaka mzima mtu huyo akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Ofisini akinikuta kwenye ngazi, ghafla anakumbuka kitu amesahau juu. Halafu siku hiyo ananiita "dada Somoe" kwa sauti laini mpaka nikaitoa simu sikioni nikaitazama kama ni yeye kweli. Nikajua ana shida. Nikafurahi, sitaki kudanganya, na nilikuwa nimefunga.

Nilikuwa juu ya ngazi nyuma ya msikiti, nainywesha Ngozi ya nyumba moja kongwe. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nyumba za Mikindani ni za matumbawe na chokaa, na kuta zake zinafyonza maji ya chini na chumvi mpaka zinamomonyoka zenyewe. Kuna kipindi watu walizipaka saruji wakadhani wamezitibu. Saruji ikayafungia maji ndani, boriti zikaoza, dari zikaangukia watu. Halafu likaja joto hili la sasa, la kuua mtu mchana akiwa amekaa tu barazani na upepeo mkononi, na zile nyumba zikawa tanuri kutwa na ukungu mtupu kukicha. Ndipo Kampuni ikaleta Ngozi.

Mtu asikudanganye kwamba ni rangi. Ni kiumbe hai. Inapuliziwa ukutani ikiwa majimaji, inaotesha vijizizi ndani ya chokaa, na baada ya siku chache imeshakuwa nene kama chapati nzito. Jua likiwaka inafumba vinyweleo, joto linabaki nje. Jua likishuka inavifumbua na ukuta unatoa jasho, chumvi inatoka, nyumba inakauka. Chakula chake ni maji ya chokaa basi. Naichukia, lakini haki ni haki: watu wengi wa mji huu wako hai kwa sababu yake.

Mama yangu siye mmoja wao.

"Dada Somoe, pole na kazi, na swaumu."

"Nakusikia, Meneja."

"Baba ametangulia, nadhani ulisikia."

"Nilisikia. Poleni."

"Tumeshapoa. Sasa mama yuko eda, kule kwenye nyumba yetu karibu na Boma. Na anafukiza, Somoe. Kila magharibi. Nimemkataza, nimemtuma shangazi amkataze, hasikii." Akashusha sauti. "Nataka uende ukaitoe kinga ya moshi. Nyumba ile tu. Kibali nimeshakipitisha. Ofisini usimwambie mtu."

Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Maneno hayo hayo, neno kwa neno, niliwahi kuyasema mimi nimesimama mbele ya meza yake, na yeye anakata kucha.

*

Hiyo kinga ya moshi niieleze, maana wengi wenu mmeisikia kwenye tangazo tu.

Wataalamu walioikuza Ngozi waliikuzia maabara, mahali ambako moshi maana yake ni moto. Wakaifundisha kwamba ikihisi moshi ndani, ifumbe kila kinyweleo na kuziba kila ufa wa dirisha na mlango, moto ukose hewa uzimike. Kazi nzuri. Kampuni ikaiuza nchi nzima kwa neno hilo: nyumba yenye Ngozi haiungui. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa nyumba ya pwani magharibi ikiingia, mwenye nyumba akatia makaa kwenye chetezo, akatupia udi na ubani, akapita chumba kwa chumba kufukiza. Ngozi haijui udi. Inajua moshi. Inafumba, makaa yanaendelea kuwaka, na ile hewa mbaya ya mkaa, isiyo rangi wala harufu, inabaki humo na watu.

Mtu wa kutoka na kuingia kichwa kikimgonga anakwenda barazani, kinapoa. Mwanamke aliye eda haendi barazani.

Baba yangu alipokufa, mama akakaa eda kama inavyotakiwa, na kila jioni akafukiza nyumba, si mwili wake, kama alivyoifukiza maisha yake yote. Akaanza kulalamika kichwa. Nikaipima hewa ya ndani kwa vifaa vya kazini, nikaona kinachotokea. Nikamsihi aache udi. Akanijibu nyumba ya msiba isiyofukizwa ni banda la kuku. Nikamfungulia madirisha nikaenda kazini, majirani wakaja wakayafunga kwa heshima zao, mjane haonyeshwi kwa wapita njia. Nikaona dawa ni moja tu, kinga itoke kwenye nyumba ile. Fundi hawezi kuitoa bila kibali cha meneja wa kanda. Nikaenda kwa meneja wa kanda.

"Udi ni mila, Somoe," Twalibu aliniambia, kucha zinarukia kwenye makaratasi. "Mila watu wanaziacha. Nikikupa wewe kibali leo, kesho mji mzima uko mlangoni, na keshokutwa magazeti yanasema Ngozi inaua watu. Mwambie mama aache mkaa."

"Naomba nyumba moja tu, Meneja. Nipigie magoti?"

"Usinipigie magoti. Nenda kazini."

Mama akafa wiki hiyo hiyo. Twalibu akaja matangani na mfuko wa sukari mgongoni mwa tarishi wake wa ofisini, akakaa na wanaume, akawaeleza kwa masikitiko kwamba marehemu aliwasha jiko la mkaa kwenye nyumba iliyofungwa. Kosa la mtumiaji, akasema. Wanaume wakatikisa vichwa. Amu yangu akamshukuru kwa sukari. Mimi nilipopaza sauti kutoka upande wa wanawake, nikaambiwa ninyamaze, uchungu umenipanda kichwani. Tangu siku ile nimelala na jina la Twalibu Chilumba kinywani, nimeamka nalo.

Na sasa yeye ndiye aliyekuwa ananiomba.

"Nitakwenda leo leo, Meneja," nikamwambia.

"Mungu akulipe."

"Amina," nikasema, na hiyo amina niliitia moyo wote.

*

Nyumba ya akina Chilumba ni ya ghorofa moja, milango ya nakshi, kuta nene za kutosha mtu kulala ndani ya dirisha. Ngozi yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudumia, imenyweshwa vizuri, laini, rangi ya maziwa ya mtindi. Nikaweka mkoba chini upande wa uani nikatoa kigongo.

Kigongo ni kidude cha mafundi wa Ngozi, cha ukubwa wa kiganja, kinachotambua mkono wa mwenyewe tu. Unakigandamiza ukutani, kinatetemeka, Ngozi inatetemeka kujibu, na hapo unaweza kuiambia cha kufanya. Nikakigandamiza. Kibali kilikuwapo kweli, kinawaka kijani, na jina la Twalibu juu yake. Kilichobaki ni kugonga tu, na Ngozi ingesahau moshi milele.

Sikugonga.

Nilisimama pale jua linanichoma shingo, nikamfikiria Twalibu anapigiwa simu asubuhi. Nikamfikiria anavyoingia mbio, anavyomtikisa mama yake, anavyoita. Nikafikiria wanaume wale wale barazani, na mimi ninaingia na mfuko wa sukari. Ningemtazama usoni nimwambie, kosa la mtumiaji, Meneja, pole sana. Kiu yote ya swaumu ikanitoka. Nilikuwa sijawahi kumtendea ubaya yule kizee aliyemo ndani, wala yeye mimi, na nilijua hilo, nikaliweka kando. Mama yangu naye alimtendea nani?

Nikamwandikia Twalibu neno moja kwenye simu: *Tayari.*

Ninainama kufunga mkoba, sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia.

"Wewe mtoto wa Asumini, hebu ingia ndani."

*

Bi Binuru alikuwa amekaa juu ya mkeka kwenye chumba cha nyuma, kinachotazama uani, amejifunga kaniki, mguu mmoja amenyoosha kwa sababu ya goti. Pembeni yake alikuwapo binamu yake, Bi Tausi, aliyekuja kumkalia eda. Nikamwamkia, nikampa pole, akaitika zote mbili haraka kama mtu anayetaka kumaliza.

"Tausi, nenda uani ukatazame maharage."

"Maharage hayajaiva, ndiyo kwanza nimeyaacha."

"Kayatazame tena."

Bi Tausi akaondoka anabetua midomo. Bi Binuru akanionyesha mahali pa kukaa.

"Mwanangu hajawahi kujua udi unanunuliwa wapi," akaanza. "Hajui ubani na sandarusi. Leo wiki ya pili ananipigia kelele nisifukize, jana karibu alie. Asubuhi amenipigia simu, mama usiogope tena, nimemtuma fundi, fukiza utakavyo. Halafu nachungulia, fundi mwenyewe ni wewe. Mnacheza mchezo gani na nyumba yangu?"

"Hatuchezi, bibi. Nimekuja kuinywesha."

"Muongo. Hujagusa hata ndoo." Akajikuna goti. "Mama yako nilimwosha mimi. Unalijua hilo?"

Nilijua waliomwosha walikuwa wanawake watatu. Sikujua kama yeye alikuwamo. Siku ile sikuwa najua hata nimevaa nini.

"Nimeosha maiti tangu sijaota mvi," akasema. "Na mwosha hasemi alichokiona. Awe na kovu, awe na jipu, awe na lolote, unaosha, unafunika, unaondoka nalo. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya. Lakini mama yako, Somoe, alikuwa mwekundu. Mashavu, midomo, kucha, mwekundu kama bibi harusi aliyetoka kusingwa mwili. Maiti huwa haiwi vile. Tulitazamana wote watatu. Nikasema, funikeni. Nikamfunika."

Wekundu ule ndio alama ya hewa ya mkaa ikishika damu, daktari yeyote angeutambua kwa kuutazama mara moja. Mwaka mzima nilikuwa natafuta ushahidi, na ushahidi ulikuwa vinywani mwa vizee watatu waliofunga midomo kwa adabu.

"Kwa nini hukusema?" Sauti ilinitoka vibaya. "Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

"Nimekwambia kwa nini. Sasa niambie wewe. Kilichomuua kimo humu?"

Nikamwambia. Sikumbakishia kitu. Nikamwambia habari ya moshi na vinyweleo, nikamwambia habari ya kucha kwenye makaratasi, nikamwambia alichosema mwanawe matangani, na alichoniomba asubuhi ile kwenye simu. Niliyasema kwa furaha mbaya. Nilitaka kila neno limchome, maana alimzaa. Bi Binuru alisikiliza ametazama mkeka.

"Nyumba yangu tu," akasema mwishowe. "Hakukwambia uzitoe zote?"

"Nyumba yako tu, bibi."

"Ramadhani inakwisha, mfungo mosi unaingia wiki hii. Harusi hazihesabiki. Kila nyumba itafukizwa bibi harusi ndani, na watoto wamejazana humo kuangalia." Akainua uso. "Umeshaitoa hiyo kinga?"

"Nimemwambia nimeitoa."

"Sikuuliza umemwambia nini."

"Sijaitoa."

"Ulitaka nife."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige kofi. Ningelipokea. Badala yake akashika ukuta, akasimama kwa taabu, akamwita Bi Tausi amletee simu. Akampigia mwanawe mbele yangu, akamwambia aje futari nyumbani, asikose. Kisha akamwambia Bi Tausi atie mkaa kwenye jiko kubwa, lile la kupikia pilau, akishafanya hivyo aende kufuturu kwa jirani na asirudi mpaka aitwe.

"Bibi, unataka kufanya nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

"Wewe ulikuja kunitumia kumwadhibu mwanangu. Nami nataka kukutumia. Kaa hapo ukutani na kidude chako. Usigonge mpaka nikwambie."

*

Twalibu alifika adhana ikimalizika, kanzu nyeupe, sambusa mkononi. Aliponiona, uso ulimbadilika, kisha akajikaza akatabasamu.

"Ah, fundi wetu bado yuko. Mama, sasa uko salama, fukiza mpaka kesho."

"Ndivyo nilivyoambiwa," Bi Binuru akasema. "Kaa."

Tukala tende, tukanywa maji. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa yameshakolea. Bi Binuru akamega udi akautupa, akaongeza ubani, moshi ukapanda. Na mimi, niliyekuwa nimeegemea ukuta, niliisikia mgongoni. Ngozi inapofumba inajikunja kidogo, kama mnyama anayefukuza nzi. Ufa wa mwanga chini ya mlango ukazimika. Pazia la dirisha, lililokuwa linacheza, likatulia.

Twalibu akaacha kutafuna. Kwa cheo chake alikuwa anaijua Ngozi vizuri.

"Somoe. Imefumba."

"Imefumba, Meneja."

"Uliniambia tayari!"

"Nilikudanganya."

Akaruka kuelekea mlangoni. Mlango haukumpa shida, Ngozi huziba nyufa tu, haifungi komeo. Lakini sauti ya mama yake ilimkuta njiani.

"Ukiufungua huo, nitaufunga. Kesho utakuwa kazini, nitawasha. Keshokutwa nitawasha. Huwezi kuhamia mlangoni kwangu, Twalibu."

"Mama, toka humu! Toka sasa hivi!"

"Niko eda. Unataka kunibeba mbele ya watu uniweke barabarani? Nibebe." Akasogeza mguu wake mbovu, akakaa sawasawa karibu na jiko. "Somoe amenieleza yote. Asumini ulimuua kwa kujua."

"Sikumuua mimi!"

"Ulijua?"

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka puani.

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilikuwa na mashaka tu, mama. Mashaka si kujua."

"Kwa mashaka hayo hayo umemtuma fundi kwangu. Sasa fanya kwa watu kama ulivyofanya kwa mama yako. Iondoe kinga nyumba zote. Somoe anasema unatamka tu kwenye hiyo simu."

Ni kweli. Kibali cha nyumba moja kinaandikwa, cha mji mzima meneja anakitamka kwa sauti yake, na analazimika kutaja sababu, na sababu hiyo inakwenda moja kwa moja makao makuu, haifutiki. Hapo ndipo pangemuuma. Neno moja pale, basi ile "nyumba yenye Ngozi haiungui" imekwisha, na kifo cha mama yangu kina mwenyewe.

Akanigeukia. "Somoe, gonga. Kibali unacho. Gonga, nakuamuru!"

"Mwenye nyumba amenikataza."

"Gonga, mwanamke!" Akaja kuninyang'anya kigongo. Nikamwachia. Akakigandamiza ukutani kwa mikono yote miwili, kikakaa kimya kama jiwe, maana hakikumjua. Akanirushia mapajani.

Kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga. Nilimtazama Bi Binuru. Alikuwa mzee, tumbo lake lilikuwa na tende tatu tu, na alikuwa amekaa karibu na makaa kuliko sisi. Mabega yalikuwa yameanza kulegea.

Twalibu akatoa simu mfukoni. Akaitazama. Akairudisha.

"Mama, hujui unachoniambia nifanye. Watanifunga. Watoto wangu je? Kazi ya miaka yote hii? Tupange. Nipe mpaka baada ya Idi, nitawaandikia makao makuu taratibu, tutaitoa kimya kimya, hakuna atakayeumia..."

Bi Binuru akatupia makaani kipande kingine cha udi. Twalibu akaitoa simu tena, akaishika. Akachuchumaa. Akatazama jiko, akamtazama mama yake, akaitazama simu. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nimewaona watu sokoni wanavyosimama mbele ya bidhaa wanapiga hesabu kichwani, wachukue au waache. Alikuwa hivyo, na aliyewekwa kwenye mizani ni mama yake, naye anaangalia.

Na mimi nilikuwa na kigongo mapajani. Ningeweza kukigandamiza wakati wowote. Nataka mlijue hilo. Nilimwona yule kizee kope zinamshuka, nikaona mkono wake unateleza kutoka gotini, na nikajiambia, bado kidogo. Mwache aendelee kufikiri. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kumwona Twalibu Chilumba akiwa na sura ile.

Bi Binuru akaanguka ubavu.

"Mama!" Twalibu akapiga ukelele ambao sitausahau, akaweka simu mdomoni. "Mimi Twalibu Chilumba, meneja wa kanda. Toeni kinga ya moshi. Mikindani yote. Nyumba zote. Sasa hivi!"

Simu ikamuuliza kwa ile sauti yake ya upole isiyojali kitu: "Taja sababu."

"Inaua watu!" Alikuwa analia. "Inaua watu, nilijua, inaua watu!"

Ukuta ukanisukuma mgongoni. Ngozi ilifumbuka yote kwa mara moja, na hewa ya nje ikaingia kwa mchakacho, kama mtu anapepeta mchele. Kisha nikausikia mchakacho ule ule nyumba ya pili, na ya mbali zaidi, ukishuka mteremko kuelekea mjini, na watu wakaanza kuulizana vibarazani kuna nini. Nikalikamata jiko kwa pindo la khanga nikalitoa uani, nikarudi. Twalibu alikuwa amempakata mama yake dirishani, anampepea kwa kanzu.

Ilichukua muda. Nilidhani amekwisha, nimepata nilichokuja kukitafuta asubuhi, na sikuona raha niliyoitegemea. Halafu Bi Binuru akakohoa, akatapika tende, akafumbua macho.

"Mama, nimefanya," Twalibu akasema haraka. "Nimefungua mji mzima. Nimesema kila kitu. Nimefanya, mama."

Bi Binuru akajifuta midomo kwa pindo la kaniki.

"Umefanya," akasema. "Lakini nilikuona ukifikiri."

Twalibu akajaribu kumshika mkono, mama akauondoa, akauweka chini ya kaniki. Akabaki amepiga magoti mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu. Mwishowe akainuka akatoka, viatu kaviacha. Kwa mlipiza kisasi yeyote hapo ni mahali pa kupiga vigelegele. Nilivipiga moyoni, naapa.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Bi Binuru akanizuia kwa macho.

"Na wewe. Hicho kidude kilikuwa mkononi mwako muda wote."

"Ndiyo, bibi."

"Nilipoanguka ulikuwa umekishika."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Ningeweza kumwambia aliniamuru nisigonge mpaka aseme. Ilikuwa kweli na ilikuwa inatosha. Lakini yule mama alimwosha mama yangu kwa mikono ile, na nikaona aibu kumdanganya mara ya pili siku moja.

"Nilikuwa nangoja achelewe."

Akavuta kaniki akajifunika miguu yote miwili.

"Basi mmelingana," akasema. "Nenda nawe."

Nikabeba mkoba nikatoka. Nilikasirika njia nzima, nikaongea peke yangu mpaka watu wakanigeukia. Mimi na Twalibu Chilumba tumelingana wapi? Yeye alifikiria cheo chake, mimi nilimfikiria mama yangu. Yeye sasa yuko gerezani na mimi niko juu ya ngazi nanywesha kuta, na kila nyumba ya mji huu inafukizwa milango imefungwa na hakuna anayekufa. Nimeyapanga maneno hayo vizuri sana. Mara nyingine nimefika mpaka kwenye mlango wake wa nakshi nikiwa nayo yote kinywani, eda yake imeshakwisha, nasikia anavyokohoa ndani, na sijaweza kubisha hodi.